Usaili wa Wajomba

Kikohozi kilitangulia. Nilikuwa ndani ya ukumbi wetu wa Ruangwa, kumekucha lakini madirisha ya mbao bado yamefungwa, napapasa ukutani kutafuta swichi ambayo kila asubuhi ilikuwa kama imehama, nikasikia mtu nje akikohoa. Akanyamaza. Akakohoa mwingine kwa sauti nzito zaidi, na wa tatu akaitikia kama anayejibu salamu. Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa. Kilikuwa kile cha mwanamume mtu mzima aliyefika kwenye nyumba ya watu, anayeona hodi ni ya watoto na wachuuzi, na anataka mwenye nyumba ajue kwamba mgeni ameshafika, hana haraka, ila si vizuri akicheleweshwa.

Nilipofungua mlango nikawaona. Walikaa kwenye ngazi, kwenye matofali yaliyobaki pale ujenzi ulipoishia, kwenye viti vya pikipiki zilizozimwa: wanaume wa makamo na wazee, kofia safi, makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya harusi za enzi nyingine. Nyuma ya kila koti, hatua chache, alisimama kijana mmoja wa darasa langu akiangalia viatu vyake vya kuazima.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu aliyekuwa karibu. "Tumekuja kwenye intavyuu."

"Ninyi?"

"Sasa waje nani?"

Nilikuwa nimewaambia vijana waje peke yao. Nilisema, nikarudia, nikawauliza kama wameelewa, wakasema wameelewa. Na kweli walikuja peke yao, na wajomba zao.

Huku Kusini mtoto ni wa mama yake, na mama ana kaka, na neno la kaka huyo ndilo neno. Iwe ni Mmwera, Mmakonde, Myao au Mmakua, baba anazaa, mjomba anasema. Unataka kuoa, mjomba. Umeharibu, mjomba. Sasa watu wasiojulikana wametoka Dar, wanataka kumchukua kijana wenu wakamweke bwenini na kumfundisha mitambo, halafu mumtume yeye mwenyewe akajieleze? Mzee mmoja alinifafanulia jambo hilo pale pale kwenye ngazi, kwa upole wa mtu anayeongea na mgeni wa mila. "Hata mbuzi, mama," alisema, "hatumtumi mnadani akajiuze."

Kazi ile niliipata kwa sababu ya riwaya. Nilikuwa nimechapisha moja, Dar es Salaam, iliyosomwa na marafiki zangu wote, na baadhi yao wakaimaliza. Katika kikundi chetu cha waandishi tuliamini kwamba mwandishi lazima aishi karibu na wananchi, na wananchi walio mbali ndio tuliowaona bora zaidi. Tangazo lilitaka mratibu wa mradi wa vijana Nachingwea na Ruangwa. Nikaomba. Niliwaza vilima vya bluu, vumbi jekundu na sentensi ndefu. Vumbi nililipata.

Mradi wenyewe ulikuwa na jina refu la Kiingereza, lililofupishwa hadi likawa neno lisilo na maana kwa lugha yoyote, likachapishwa kwenye fulana za kijani. Jioni tuliwasaidia wanafunzi wa sekondari hesabu, fizikia na Kiingereza, na sehemu hiyo sina neno baya nayo. Mtoto alikuwa haelewi, akaelewa, basi. Jumamosi ilikuwa siku ya waliomaliza kidato cha nne, na somo lao liliitwa utayari wa ajira. Vijana walitakiwa wawe tayari. Ajira yenyewe hakuna aliyeiuliza kama iko tayari.

Nachingwea, mji ambao umeshazika mradi mkubwa kuliko wetu, walitupokea bila papara. Waingereza walifika pale kulima karanga, wakaangusha msitu, wakajenga reli, karanga zikagoma, reli ikang'olewa. Mama aliyetukodishia chumba cha darasa aliniuliza siku ya kwanza mradi wetu ni wa muda gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, akiendelea kuchambua mchicha. "Wa karanga nao walisema wamekuja kukaa," akasema. Sisi hatukuwa na reli ya kung'oa. Tulikuwa na fulana.

Makao makuu walituletea kitini chenye picha ya vijana waliovaa suti, wakicheka kitu kisichoonekana. Kitini kilisema mtazame msaili machoni. Kilisema taja mafanikio yako bila haya. Kilisema, kwa herufi nene, usimsubiri mtu akusemee. Nikasimama mbele ya vijana wa Likunja na Nanganga na kuwauliza maswali yake.

"Udhaifu wako mkubwa ni nini?"

"Malaria, madam."

"Baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

"Hapa hapa Likunja, Mungu akipenda."

"Kwa nini tukuchukue wewe, tusimchukue mwenzako?"

Huyu alifikiri sana. Akamtazama mwenzake aliyekaa pembeni. "Mchukueni mwenzangu," akasema. "Baba yake anaumwa."

Darasa zima likatikisa kichwa, hoja imepita. Nilimpigia simu bosi wangu Dar nikamsimulia, nikidhani nimempa zawadi. Akasema, "Kazi bado ni kubwa." Jumamosi iliyofuata nikaanza kumng'oa yule kijana jibu lake, kama mtu anayeng'oa jino zima.

Mmoja tu ndiye aliyekipokea kitini kama kilivyo. Alikuwa binti wa wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa, wale ambao watu wa huku huwaita Wasukuma wote kwa jumla, hata asiye Msukuma. Yeye alikuwa Msukuma kweli. Walikaa upande wa Nambilanje, nje kidogo ya kijiji, penye majani. Alikuja mjini na baiskeli yenye madumu ya maziwa, akayauza, akayasuuza, akaingia darasani akinuka moshi na maziwa, akakaa mbele. Wenzake hawakumwacha apumue.

"Msukuma, ng'ombe wenu washafanya fildi ya mafunzo kwenye shamba la mjomba wangu," alimwambia siku moja kijana wa Nambilanje, mcheshi mmoja aliyekuwa na ndoto moja tu duniani, nayo ni bodaboda.

"Afadhali wao wamepata fildi," binti akajibu bila kugeuka. "Wewe je?"

Mjomba anayetajwa hapo nilikuwa namjua. Mara moja aliwahi kusimama kwenye mlango wa darasa katikati ya somo la hesabu, koti begani, akatangaza kwamba ng'ombe wa baba yake huyo binti wameingia tena kwenye ufuta wake, kwamba baraza la kijiji limemchoka, na kwamba yeye analeta malalamiko popote penye watu wenye masikio. Nikamwambia sisi tunafundisha milinganyo. Akasema hata hiyo ilinganisheni, ufuta kiasi gani na ng'ombe kiasi gani. Binti aliinuka, akapiga goti, akamwamkia. Mzee akaitikia marahaba kwa hasira, kisha akaondoka.

Nafasi iliyokuwa inagombewa ni moja. Karakana moja ya binafsi ilikuwa inafundisha vijana kuendesha na kutengeneza mitambo mikubwa, na ilikuwa na bweni. Walikubali kumchukua kijana mmoja kutoka darasa letu, mradi awe mkazi wa vijiji hivi. Kwa wengi ilikuwa bahati nzuri ya kujaribu. Kwa binti yule ilikuwa jambo lingine. Baba yake alikuwa anahama. Majani yalikuwa yamekwisha na majirani walikuwa wamechoka, kwa hiyo ng'ombe walikuwa wanavuka mto Mbwemkuru kuelekea Liwale, na huko hakukuwa na mtu aliyewajua. Alizaliwa Shinyanga. Alianza shule Ihefu. Akasoma Kilwa, kisha Nambilanje.

"Kila shule, dada, nikishamaliza kujua majina ya wenzangu, tunahama," aliniambia. "Hapa ndiyo nimejua mpaka majina ya mbwa."

Baba yake alikuwa amesema neno lake na lilikuwa fupi: wakikupa pa kulala, baki; wasipokupa, njoo tuondoke. Alikuwa anavusha ng'ombe siku ile ile ya usaili.

Kwa hiyo binti alijifunza kitini kama wengine wanavyohifadhi juzuu. Alifanya mazoezi akichunga. Siku moja akaja na swali.

"Dada, hili la kutazama machoni. Nimejaribu kwa fahali. Fahali ukimtazama machoni anakuja. Huyo mtu wa intavyuu akija, nifanyeje?"

"Hatakuja."

"Una uhakika?"

Nilikuwa na uhakika. Nilimpenda kwa ubinafsi wa mwandishi anayemwona mhusika wake akitembea. Nilikuwa nimeshamwandikia mwisho.

Gari jeupe la wasaili lilifika jua likiwa limepanda. Walishuka watatu. Mmoja alikuwa mama wa rasilimali watu, amevaa miwani ya jua juu ya nywele. Wa pili alikuwa fundi mkuu wa karakana, mzee mnene asiyependa maneno. Wa tatu alikuwa bosi wangu. Wajomba wakakohoa wote kwa pamoja, kwa heshima. Mama wa rasilimali watu akatoa barakoa kwenye mkoba.

"Kuna mlipuko hapa?"

"Ni salfa," nikasema. "Ni msimu wa kupulizia mikorosho." Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu nyingine ilikuwa ngumu kuieleza kwenye maegesho.

Bosi wangu alinivuta pembeni. "Hawa ni akina nani?"

"Wajomba."

"Wa nani?"

"Wa kila mtu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Lazima niseme kwamba bosi wangu alikuwa bingwa wa ushirikishwaji wa jamii. Katika taarifa zake jamii ilishirikishwa mwanzoni, ikashirikishwa katikati, na mwishoni ikapongezwa kwa kushirikishwa. Sasa jamii ilikuwa imekuja yenyewe, imevaa makoti, na hakujua aiweke wapi. Tukakubaliana waingie, wakae nyuma, wanyamaze.

Wakaingia. Wakakaa nyuma. Hilo la tatu halikufanyika.

Wa kwanza kuitwa alikuwa yule kijana wa Likunja aliyewahi kutaka mwenzake achukuliwe.

"Jitambulishe," akasema mama wa rasilimali watu.

Kijana akageuka. Mjomba wake akasimama, akakunjua koti. "Huyu ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Ni mtulivu. Hagombani. Si mlaji."

"Mzee, tunaomba ajieleze mwenyewe."

"Akijieleza mwenyewe," mjomba akauliza kwa nia njema kabisa, "mtajuaje kama ni kweli?"

Fundi mkuu akakuna shingo. Mama wa rasilimali watu akamgeukia kijana. "Udhaifu wako mkubwa ni upi?"

Kijana alikuwa analijua jibu. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, la kusema yeye hupenda kazi kupita kiasi. Lakini mjomba alikuwa bado amesimama.

"Hilo swali, mama, silo la mbele za watu," akasema. "Kama kuna kitu mmesikia, tuitane pembeni tuongee."

Baada ya hapo wajomba walitolewa nje wote. Walitoka kwa amani, wakinong'ona, lakini joto lilikuwa kali na madirisha yalikuwa wazi, na muda si muda kila dirisha lilikuwa na kofia zake. Usaili ukaendelea hivyo, swali likiulizwa ndani na jibu likitoka ukutani. Yule mcheshi wa bodaboda aliulizwa kwa nini anataka kujifunza mitambo.

"Mjomba ndiye anataka," akasema.

"Sema vizuri," dirisha likamwambia.

"Mjomba ndiye anataka sana."

Binti wa wafugaji aliingia wa mwisho, na aliingia peke yake. Hakuna kofia iliyosogea dirishani kwa ajili yake. Alikuwa amevaa sketi ya shule aliyoiachia pindo, na mikono yake mirefu ilikuwa imetulia mapajani kama vitu alivyoagizwa kutunza. Kisha akaanza kuongea. Alijitambulisha. Alitaja mafanikio yake. Alimtazama mama wa rasilimali watu machoni hadi mama wa watu akashusha miwani kutoka kwenye nywele. Fundi mkuu akamuuliza pampu ya maji ikikataa kuvuta ataanzia wapi, naye akasema ataanzia kwenye bomba la kuvutia, aone kama linaingiza hewa, kwa sababu ya kwao ya kunyweshea ng'ombe ndivyo inavyofanya. Mzee akaitikia kwa kichwa. Bosi wangu alikuwa anatabasamu kama mtu anayesoma taarifa yake mwenyewe. Na mimi, nisiyeamini kitini kile hata ukurasa mmoja, nilikuwa nimesimama ukutani macho yamenilowa.

"Vizuri sana," akasema mama wa rasilimali watu. "Wewe ni wa wapi?"

"Nambilanje."

"Kwenu hasa?"

Swali hilo halikuwamo kwenye kitini. Binti akasita kwa mara ya kwanza. "Nimezaliwa Shinyanga," akasema.

"Sasa unaona." Mama wa watu akageuza kalamu vidoleni. "Nafasi hii ni ya vijana wa vijiji hivi. Wakija kuuliza kwa nini tumempa mtu wa kupita, nitawajibu nini? Hapa yupo mtu anayekufahamu? Mtu mzima, wa hapa, wa kusema wewe ni mkazi?"

"Mimi namfahamu," nikasema.

"Wewe ni wa mradi, dada yangu. Na ni wa Dar."

Nilimtazama bosi wangu. Alikuwa ameanza kusoma simu. Miezi mingi tulikuwa tumewafundisha vijana hawa kwamba mtu wa kisasa hahitaji wa kumsemea, na asubuhi ile ile tulikuwa tumewatimua wasemaji wote nje kama kuku. Aliyelielewa somo hilo kuliko wote alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya ukumbi, anaulizwa msemaji wake yuko wapi. Baba yake alikuwa mtoni na ng'ombe. Na hata angekuwepo, angekuwa nani? Wajomba zake walikuwa Shinyanga, mbali kama mbingu. Binti aligeuka akatazama dirisha moja, kisha la pili. Kofia zikatazama chini.

"Mimi namfahamu," ikasema sauti.

Alikuwa mzee wa ufuta. Alizunguka ukumbi, akakohoa mlangoni, akaingia na koti lake begani, akasimama katikati kama mtu aliyeitwa mahakamani baada ya kuusubiri wito huo maisha yake yote. Nikumbushe tu kwamba mpwa wake, yule wa bodaboda, alikuwa anagombea nafasi hiyo hiyo.

"Namfahamu kuliko mnavyotaka," akaanza. "Baba yake ndiye mwenye ng'ombe. Walipofika tu walianza na kisima. Msimu uliofuata wakaingia kwenye mbaazi za mke wangu. Mwaka wa mvua nyingi, ule barabara ilipokatika, sote tulikaa ndani, wao hawakukaa ndani, wakaingia kwenye ufuta. Nikapeleka kwenye baraza. Mwaka uliofuata, ufuta. Nikapeleka kwenye baraza. Mfungo uliopita, mama, watu wamefunga, jua linazama, ng'ombe wa hawa watu wamefuturu ufuta wangu."

Nje kuna mtu alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Na huyu binti?" fundi mkuu akauliza.

"Huyu ndiye anayekuja kuwatoa. Kila mara ni yeye. Anakuja na fimbo, anapiga goti, shikamoo mjomba, anawatoa, kesho wamerudi."

"Anakuita mjomba?"

"Aniite nani sasa? Amekulia pale kwenye mpaka wa shamba langu. Amesoma na mpwa wangu. Maziwa tunanunua kwake, na yenyewe ni ufuta wangu umepita kwenye ng'ombe."

Fundi mkuu aliegemea mbele. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuonekana kama mtu aliyeamka. "Mzee, hebu nielewe vizuri. Misimu yote hiyo hawa watu wako Nambilanje?"

"Yote."

"Hawaendi wakarudi?"

"Ungeniambia wanaondoka ningeswali rakaa mbili za shukrani. Hawaondoki."

"Kwa hiyo ni wakazi."

"Wakazi kabisa. Ndiyo taabu yenyewe ninayowaeleza."

Mama wa rasilimali watu alimtazama fundi mkuu. Fundi mkuu alimtazama bosi wangu, ambaye aliweka simu chini. "Asante, mzee," akasema mama wa watu. "Umetusaidia sana."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Hatimaye mtu amemsikiliza. Aligeuka kutoka. Kwenye dirisha akamwona mpwa wake ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Nikaona lile jambo likimfikia mzee polepole, kuanzia kwenye kope. Akarudi nyuma hatua moja.

"Lakini kwao ni Shinyanga," akasema.

"Tumekuelewa, mzee."

"Nilikuwa nasema kwa ubaya."

"Tumekuelewa."

Matokeo yalitangazwa baada ya chakula, na hakuna aliyeshangaa. Wajomba walikuwa wamekaa kivulini kwenye ukuta wa ukumbi, wakimla mzee wa ufuta kwa maneno, kwa zamu.

"Umelalamika mpaka umempa mtu kazi," mmoja alimwambia. "Kesho kalalamike na kwenye ushirika wa korosho, baba yake apewe shamba."

"Nimesema kweli," mzee akajitetea.

"Kweli nayo ina siku zake."

"Mjomba, mimi nashukuru," akasema mpwa. "Sasa tuongelee bodaboda."

"Ondoka mbele yangu."

Binti alipotoka nje, alikwenda moja kwa moja alipokaa mzee. Akapiga goti. Wajomba wakageuka, wakataka kuona. "Asante, mjomba," akasema.

Mzee akatazama pembeni, juu ya paa, kwenye mikorosho, popote. "Ng'ombe wanaondoka lini?" akauliza.

"Leo."

"Wote?"

"Wote. Mimi ndiye ninabaki."

Akafikiri hilo. "Wewe huli ufuta," akasema mwishowe, na kwa kadiri ninavyomjua hiyo ilikuwa baraka.

Ndani, bosi wangu alikuwa ameshatundika bango la mradi ukutani na kusimamisha simu yake kwenye miguu mitatu. Wafadhili walikuwa wanasubiri hadithi ya mafanikio. Alimweka binti mbele ya bango, akamvisha fulana ya kijani juu ya blauzi yake, akarudi nyuma kutazama, akamsogeza kidogo kushoto ili jina la mradi lionekane.

"Utasema hivi," akamwelekeza. "Mradi umenijengea uwezo wa kujiamini, na nimepata nafasi hii kwa juhudi zangu, bila kumtegemea mtu."

Binti akamtazama machoni. "Bila kumtegemea mtu?"

"Ndiyo."

"Na yule mjomba wa ufuta?"

"Yule hayumo kwenye hadithi."

"Alisema mbele yenu wote."

"Ni video fupi tu, mdogo wangu. Watu wa mbali hawawezi kuelewa mambo ya ufuta."

Akageukia mlango. Nilidhani anatafuta maneno. Kumbe alikuwa anasikiliza nje, ambako bodaboda ilikuwa inamsubiri na dereva alikuwa ameanza kuvuta mafuta. Akavua fulana, akaikunja vizuri, upande kwa upande, akaiweka juu ya kiti alichokalia wakati wa usaili.

"Dada," akaniambia mimi, "naomba niwahi mtoni. Wakishavuka wakaingia porini sitawaona tena mpaka sijui lini."

"Dakika moja tu," bosi akasema, kidole kikiwa juu ya simu. "Moja."

"Baba hana simu," akasema binti. "Hajui kama nimepata. Anaweza akawa ananisubiri, na ng'ombe wakisimama kwenye maji wanaharibika miguu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kueleza kazi. Lakini kidevu chake kilikuwa kinacheza, na ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa na haraka ya kupeleka habari njema. Alikuwa anakwenda kuagana na kila kitu alichokuwa nacho. Mwisho niliokuwa nimemwandikia ulikuwa na jua na bango. Mdogo wake wa mwisho, aliwahi kuniambia, hulala tu akimshika yeye sikio.

Bosi wangu alinitazama, akitaka niseme kitu. Kuratibu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilisogea nikampisha binti.

"Wasalimie," nikasema.

Akapiga goti, haraka, kama anayejikwaa. Kisha akapita kati ya viti, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.